Lami Haibebi Gari

Kila kamati ya mtaa iliyowahi kuchangisha fedha za kukarabati lami ina maelezo yaleyale ya kwa nini ile ya kwanza iliharibika: ilikuwa nyembamba. Hakuna anayebisha. Mkandarasi mpya anatafutwa kwa swali moja tu: "Wewe utatuwekea sentimita ngapi?" Anayesema tano anamshinda anayesema nne. Anayesema tano kwa bei ya nne anapewa kazi siku hiyohiyo.

Imani hii ni potofu, na ndiyo inayofanya nyua za shule, makanisa, maghala na nyumba za watu kuanzia Mikocheni hadi Mbezi zirudiwe kila baada ya muda kwa fedha za walewale. Lami haibebi gari. Kinachobeba gari ni ardhi iliyo chini pamoja na tabaka la kokoto au moramu lililoshindiliwa juu yake. Kazi kubwa ya lami kwenye uwanja wa magari madogo ni kuzuia maji yasishuke na kokoto zisitawanyike.

Jambo hili lina umri mrefu kuliko barabara zetu zote. John Loudon McAdam, Mskoti aliyekabidhiwa usimamizi wa barabara za Bristol, Uingereza, mwaka 1816, alijenga barabara zilizompa sifa bila kutumia tone la lami. Hoja yake ilikuwa kwamba uzito wa gari unabebwa na udongo wenyewe, na udongo ukibaki mkavu utaubeba. Kwa hiyo aliinua barabara juu ya usawa wa maji, akatandaza kokoto ndogo zinazoshikana, akahakikisha maji yana pa kwenda. Lami ilikuja baadaye kama nyongeza. Sisi tumeng'ang'ania nyongeza, msingi tumeuacha.

Watasema ni malori. Sawa, tuyahoji malori. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani waliyazungusha juu ya barabara za majaribio huko Ottawa, Illinois, wakapima uharibifu. Walichokuta ni kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito: mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Igeuze hesabu hiyo uone inavyomwacha huru mwenye gari dogo. Uwanja usioingiwa na kitu kizito kuliko gari la Noah ukianza kutoboka, uzito hauna kesi ya kujibu. Liko boza la maji, kweli, na liko gari la majitaka. Hayo nayo hupenda kuvunja pale palipokwisha kulowana.

Mtuhumiwa ni maji, na mara nyingi aliyeyakaribisha ni mwenye nyumba mwenyewe. Amezungusha ukuta bila kuacha hata tundu moja la kutolea maji. Gata za paa amezishusha juu ya lami. Ukingoni amepanda bustani, anaimwagilia kila jioni, na maji yanapenya kwa pembeni, ambako lami imeachwa bila kingo. Kisha masika yanaingia. Moramu iliyo chini inalowa na kulainika. Tairi likipita lami inabonyea kidogo, inarudi, inabonyea tena, mpaka inapasuka. Nyufa zinaungana na kuikata lami vipande vidogovidogo, na wahandisi huziita nyufa za mamba kwa jinsi zinavyofanana na ngozi yake. Kuanzia hapo kila tairi linalopita linayakamua maji yatoke kwa nguvu kupitia nyufa hizo, na hayatoki peke yake, yanatoka na udongo. Ukiona tope la kahawia limekaukia juu ya ufa baada ya mvua, jua chini kumeanza kuwa kutupu. Shimo lipo tayari, limebaki kufunuka tu.

Mwite sasa mtu wa kumwaga sentimita tano mpya juu ya hapo. Atakuja mbio. Unene unapendwa na makandarasi wababaishaji kwa sababu unauzika kirahisi: ni namba, ni nyeusi, inang'aa, na siku ya makabidhiano kila mtu anapiga picha. Wala hizo sentimita wanunuzi wengi hawazijui. Lami ya moto ikimwagwa ina hewa nyingi ndani, na rola ikipita inashuka kwa karibu moja ya tano. Sita alizokupimia kwa rula kabla ya rola ni tano pungufu. Mkataba usiotaja "baada ya kushindiliwa" umemwachia mkandarasi achague mwenyewe wakati wa kupima.

Imani hiyohiyo ndiyo mtaji wa yule anayegonga geti akisema amebakiza lami kwenye kazi ya barabara kuu, atakufanyia kwa nusu bei. Ujanja huu hauna nchi; Marekani walaji huonywa juu yake mara kwa mara. Lami ya moto hutoka mtamboni ikiwa na nyuzijoto 150 hivi, na ikishuka kufikia 80 rola haiwezi tena kuishindilia ipasavyo. Iliyoshinda kwenye tipa tangu asubuhi imeshakufa, hata kama bado inanukia. Lakini mteja akishaamini kwamba bidhaa ni lami, atauziwa maiti na kushukuru kwa punguzo.

Sisemi unene hauna maana. Sentimita mbili kwenye uwanja wa ghala ni wizi, na aliyefanya hivyo ashtakiwe. Cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi nacho kiulizwe, pamoja na daraja lake. Hilo ni la lazima. Ila cheti hakimlazimishi mtu kuchimba mtaro ambao hukumwagiza.

Mkandarasi anayejua kazi utamtambua kwa maswali yake. Atataka kuja mvua ikishakata, aone maji yanasimama wapi. Atauliza bomba linapita wapi na kama linavuja. Shimo atalikata kwa mashine mpaka kingo zinyooke, atachimba hadi afike penye ugumu, hata ikiwa ni nusu mita, atarudishia moramu au kokoto tabaka kwa tabaka akishindilia kila moja, kingo atazipaka lami ya maji, ndipo ajaze. Uwanja atautengenezea mteremko, sentimita mbili kwa kila mita, na mtaro wa kuyapokea maji. Bei yake itawashtua wajumbe, na sehemu kubwa ya fedha hiyo itafukiwa ardhini wasiione tena.

"Fedha za mtaro hatuna," watajibu. Basi msiweke lami. Chimbeni mtaro, mmwage kokoto, mshindilie, mkae hapo mpaka mpate. Uwanja wa kokoto wenye mtaro utadumu kuliko wa lami usio nao, na ukiharibika mtaurekebisha kwa koleo na toroli. Walioikimbia lami wakaweka pevingi juu ya tope lilelile wanajua zilivyozama. Walibadilisha cha juu, maji yakabaki yalipo.

Masika yanaanza Machi. Kamati yenye mkataba mezani iufungue, itafute mahali palipoandikwa maji yatakwenda wapi, na mahali panaposema asilimia 10 ya malipo itabaki mkononi mwa kamati mpaka masika yapite. Kama hapapo, msisaini.