Harufu Tamu na Hukumu Chungu



Katika kwaya yetu, msichana mmoja alifika mazoezini akiwa amejipulizia marashi matamu, yale yanayochanganya maua, vanila na sukari iliyoungua. Mmoja wa viongozi akamwambia mbele ya wote kwamba ananukia kama keki ya arusi, na kwamba mwenye kunukia hivyo hakuja kumwimbia Mungu bali kuwawinda wavulana. Watu wakacheka. Sisi nasi tukacheka. Tangu siku ile nafasi yake katika sauti ya kwanza iko wazi. Tunaandika haya kwa sababu kicheko chetu kilikuwa kosa.

Wanaolaumu wana hoja wanayoiona kuwa ya hekima. Marashi hayo, wanasema, kwa Kifaransa huitwa gourmand, yaani ya mlafi. Na ulafi ni mmojawapo wa mizizi saba ya dhambi. Basi jina lenyewe linayahukumu. Hoja hii haisimami. Mlafi hula kupita kiasi na kumsahau jirani mwenye njaa. Hakuna aliyewahi kushiba harufu. Tena, kama jina ndilo linalohukumu, wajue kwamba marashi yaliyoifungulia njia aina hii yote, yaliyotolewa na Thierry Mugler huko Ufaransa mwaka 1992, yaliitwa Angel, yaani Malaika. Je, tuyaweke altareni kwa ajili ya jina hilo?

Wengine husema kwamba harufu nzuri haipatani na ibada. Wamesahau walikotoka. Kila mmoja wetu aliyepokea Kipaimara alipakwa krisma kwenye paji la uso, na krisma ni mafuta yaliyochanganywa na manukato, yakabarikiwa na askofu. Ubani tunaoufukiza siku za sikukuu hauna kazi ya kufukuza mbu. Kanisa halikuogopa pua zetu. Kwa nini sisi tuiogope shingo ya dada yetu?

Tukumbuke pia Bethania. Maria alipoipaka miguu ya Bwana nardo ya thamani kubwa, nyumba yote ilijaa harufu. Aliyenung'unika alikuwa Yuda, akihesabu dinari 300 na kuwataja maskini. Mwinjili Yohane hatufichi kwamba aliwataja maskini akiwa hana haja nao. Hatusemi kwamba chupa ya sokoni ni sawa na nardo ile. Tunasema tu kwamba si kila anayekemea harufu anatetea utakatifu.

Na tuulize jambo jingine: mbona hukumu hii huwaangukia wasichana peke yao? Mvulana akijimwagia marashi makali hata mabenchi matatu yakageuka, husifiwa kuwa mtanashati, sapeur wa kweli. Mizani yenye mawe mawili si mizani ya haki. Kama macho ya mvulana yanatangatanga wakati wa Misa, na ayarudishe yeye mwenyewe. Asimtwishe msichana mzigo wa macho hayo.

Hata hivyo hatuyatetei yote. Marashi matamu ni mazito, na kanisani tunabanana. Mwenye pumu hukosa pumzi, mgonjwa hupatwa na kichefuchefu. Tone moja au mawili yanatosha. Yanayozidi hapo ni kumnyang'anya jirani hewa yake. Wala hatumsifu anayekopa, au anayegusa karo ya mdogo wake, ili anukie kama tajiri. Na asiye na marashi, aliyekuja na harufu ya sabuni tu, asionwe kuwa duni.

Mwenye kuyapenda marashi haya na ajue pia yanakotoka. Vanila ilienea duniani kwa sababu mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, aligundua namna nyepesi ya kulichavusha ua lake kwa mkono. Wengine walitajirika, yeye alikufa maskini mwaka 1880. Hata leo, huko Beni, wakulima wetu huyachavusha maua hayo moja baada ya jingine. Siku hizi vanila nyingi ya chupani hutengenezwa maabarani, lakini utamu wake tuliufahamu kwanza kwa mikono ya watu kama hao. Ndiyo maana harufu hii inafaa kuvaliwa kwa shukrani, si kwa majivuno.

Basi, ndugu, tusingoje paroko atutume. Juma hili twende nyumbani kwa dada yetu yule, tumwombe msamaha, tena mbele ya watu, kwa kuwa tulimcheka mbele ya watu. Mtume Paulo alitaka tuwe harufu nzuri ya Kristo. Kundi linalomfukuza dada kwa kicheko linanuka, hata kama hakuna aliyejipulizia kitu.