Baraza ya Wazazi: Wapigaji wa Usiku wa Halloween



Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya sala ya Alasiri, naye anatetemeka. Alinyosha simu yake akanionyesha picha iliyotoka Uingereza. Nilimwona mwanawe, kijana wa miaka 19 niliyemsomesha juzuu yake ya kwanza, uso umepakwa rangi nyeupe, macho yamezungushiwa weusi mfano wa maiti, na begani amening'iniza gitaa. "Maalim," akasema, "mwanangu ameingia katika dini ya mashetani."

Nilimtuliza, nikamwomba anipe ruhusa ya kuzungumza na kijana mwenyewe kabla ya kumhukumu. Tulizungumza usiku ule na usiku wa pili yake, na mengine nimeyasoma mwenyewe. Kwa kuwa nyumba nyingi za wasomaji wetu zina watoto huko Ulaya na Marekani, nimeona ni vyema niyaandike. Hukumu ya muziki nawaachia wanavyuoni, ambao wameieleza kwa urefu. Hapa nataka mzazi ajue tu mtoto wake alikuwa akifanya nini usiku ule.

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya Watakatifu Wote. Zamani zaidi watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu yao ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, iitwayo Samhain, na waliamini kuwa usiku huo mizimu hutembea. Katika Scotland watoto walijigeuza kwa mavazi wakaenda nyumba hata nyumba, na hawakupewa njugu wala matunda mpaka waimbe wimbo au wasome shairi. Wahamiaji waliichukua desturi hiyo mpaka Marekani katika karne ya 19, na huko ikakua, ikapata maboga yake na biashara yake, kisha ikarudi Ulaya kwa nguvu mpya. Mimi nikimtazama mtu aliyepanda jukwaani na uso wa rangi, anaimba apate chochote, namwona yule yule mtoto wa Scotland, ila amekua na amepata umeme.

Wapigaji ninaowataja si wale wa televisheni. Ni wapigaji wa ridhaa, ambao mchana huuza dukani, hubeba mizigo bohari au husoma chuo, na usiku hupiga kwa mapenzi yao. Watu wa namna hiyo sisi tunawajua. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanza mwaka 1905, ilikuwa klabu ya wanachama wenye kazi nyingine za kuwalisha.

Kijana wetu yumo katika kundi la watu wanne. Kwa majuma sita walikodi chumba kwa saa, wakajifunza nyimbo 12 za kundi jingine mashuhuri, kwa kuwa ni desturi ya usiku huo makundi madogo kuvaa mavazi ya makundi makubwa na kupiga nyimbo zao kwa usiku mmoja tu. Hasomi noti hata moja. Husikiliza kipande, akakisimamisha, akakirudia, mpaka vidole vikakijua. Aliponieleza hayo nilicheka peke yangu, maana ndivyo nilivyomhifadhisha mimi mwenyewe.

Desturi hiyo ya kuazima nyimbo ina mfano wake mkubwa huko Marekani. Mwaka 1983 wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Vermont walipiga dansi lao la kwanza katika bwalo la chakula, na inasimuliwa kuwa wasikilizaji walichoshwa nao hata wakaifungulia santuri ya Thriller ya Michael Jackson ili kuwanyamazisha. Kundi hilo ndilo Phish. Miaka 11 baadaye, usiku wa Halloween wa mwaka 1994, mbele ya ukumbi uliojaa katika mji wa Glens Falls, jimbo la New York, walipiga santuri nzima ya Beatles ya mwaka 1968, ile yenye jalada jeupe na nyimbo 30. Wao waliliita jambo hilo vazi la muziki.

Nilimwuliza kwa nini usiku huo na si mwingine. Akanijibu kuwa siku nyingine hupigia watu kumi na watano, na saba kati yao ni wapenzi na ndugu. Usiku wa Halloween hutoka hata yule asiyekwenda kusikiliza muziki mwaka mzima, na kwa kuwa naye amejigeuza, anamstahi mpigaji anapokosea. Tena uso ukipakwa rangi haya huondoka. Na mahali pa kupiga hapakosekani, kwani kwa sheria ya mwaka 2012 ya Uingereza na Wales, baa yenye leseni haina haja ya kibali kingine cha muziki kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku, wasikilizaji wakiwa hawazidi 200. Mwaka 2015 hesabu ikapandishwa hadi 500.

Ndiyo, ni baa. Hilo nilimwambia wazi kuwa silipendi, na hakunibishia.

Nilipomwuliza faida alinyamaza kidogo. Walifika saa kumi jioni wakapakua ngoma na vipaza sauti, wakapima sauti, wakangoja saa tano wakisikiliza makundi mawili mengine, wakapiga dakika 40, kisha wakabeba vyombo vyao kwenye mvua. Kiingilio kiligawanywa kwa makundi matatu baada ya kulipwa fundi wa mitambo ya sauti. Fungu lake lilikuwa pauni 18, na petroli na rangi ya uso zilimgharimu zaidi ya hizo. Mwenye baa aliuza vinywaji mpaka mlango ukafungwa.

Hata hivyo fedha sikuisikitikia sana. Kijana hupoteza fedha kwa mambo mabaya kuliko hayo. Kilichonishtua alikitaja kwa kupita tu, kana kwamba ni jambo la fahari. Alisema, "Maalim, masikio yalilia siku mbili. Ulikuwa usiku mzuri."

Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi huona kuwa mtu anaweza kukaa katika sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo hukatwa nusu. Kwa hivyo desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na zikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Ngoma na vipaza sauti ndani ya chumba kidogo huvuka 100 bila ya taabu. Sasa zihesabuni dakika 40 za kijana, pamoja na makundi mawili aliyoyangoja, pamoja na majuma sita ya mazoezi katika chumba cha dari fupi.

Uingereza wanayo sheria ya mwaka 2005 juu ya kelele kazini, ambayo tangu Aprili 2008 inawahusu pia wafanyakazi wa muziki, na humlazimu mwajiri kuwalinda masikio watu wake. Lakini kijana anayepiga na rafiki zake katika chumba cha kukodi hana mwajiri. Hakuna wa kumwambia punguza.

Ndani ya kila sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, zipatazo 15,000, nazo ndizo zinazoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa kwa binadamu hazioti tena. Mlio wa siku mbili ni malalamiko yake. Pete Townshend wa kundi la The Who amesema mara nyingi juu ya masikio yake yaliyoharibika, na mwaka 2016 Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuacha safari ya kundi lake, madaktari walipomwonya kuwa atakuwa kiziwi kabisa. Hao walikuwa na mali na madaktari. Mpigaji wa pauni 18 ana nini?

Nilimwambia, "Mwanangu, ukipoteza gitaa utanunua jingine." Akaniuliza afanye nini. Viko vizibo vya masikio vya sponji vya bei ndogo sana, na viko vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapigaji, ambavyo hupunguza sauti zote kwa kiasi kimoja, hata muziki husikika sawasawa ila kwa upole. Ngoma ziwekwe mbali na ukuta, vipaza sauti visielekezwe usoni, na kati ya kundi na kundi mtu atoke nje ayapumzishe masikio.

Mama yake bado ameukasirikia ule uso mweupe, na juu ya baa mimi na yeye ni kauli moja. Lakini jana alirudi kwangu na karatasi na kalamu, akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa jina la hivyo vizibo vya pili, ampe shemeji yake anayesafiri wiki ijayo.