Jiko la Nyumba ya Wageni ni Soko Letu

Ndugu Wanachama,

Wako miongoni mwetu wanaosema kuwa nyumba ndogo za wageni za Mji Mkongwe wa Unguja ni mambo ya watalii, hazimhusu mkulima. Sisi twaona kinyume chake.

Nyumba nyingi katika hizo zilijengwa karne ya 19, wakati biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilipoutajirisha mji. Karafuu hizo zilichumwa na watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria mpaka 1897. Basi jasho la shamba limo ndani ya kuta zile. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni za boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba, kwani upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nyumba ya namna hii isipokaliwa na kutengenezwa hufa. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini sifa haizuii mvua: sehemu ya Beit el Ajaib, iliyojengwa 1883, iliporomoka Desemba 2020. Mgeni anayelala na kula katika nyumba kongwe ndiye alipaye chokaa na fundi.

Tulipokwenda mjini kwa kazi za Chama tulilala katika nyumba moja ya vyumba vichache, yenye mkahawa wake juu ya paa. Kitanda kilikuwa safi, watumishi wana adabu, na pweza wa nazi alikuwa mtamu. Lakini viungo vya pilau vilitoka katika kopo la ng'ambo! Tulipouliza, mpishi alijibu kwa upole kuwa hajapata mkulima wa kumletea kwa siku maalumu na kwa bei isiyogeukageuka. Jibu hilo ni la haki. Jiko haliwezi kungoja.

Karafuu zina njia yake ya kuuzwa, wala hatusemi habari hiyo hapa. Lakini kila mmoja wetu ajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mashambani mwetu mna mdalasini, hiliki, pilipili manga, manjano, ndimu, ndizi, kuku na mayai. Jiko la wageni lahitaji vitu hivi kila siku, haliulizi kama mwaka huu ni wa neema au wa ukame.

Shauri letu ni hili. Kila tawi lichague mtu mmoja mwaminifu, akaushe vizuri, apime kwa haki, apeleke siku ile ile ya juma, wala asipandishe bei kwa ghafula. Na mwanachama aendaye mjini, akiwa na uwezo, alale humo, ale humo, na aulize vitu vya jikoni vimetoka wapi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji ni sisi pia. Jambo hili tutaliweka mbele ya mkutano ujao. Mwenye rai nyingine na atuletee mapema.

Katibu wa Chama