Kifremu si Fremu Ndogo

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja na nzito kuibeba. Sisi tunaojiita watu wa Kiswahili, washairi, wafasiri na wajumbe wa mabaraza, tumewaacha vijana wetu waingie katika fani mpya ya usimulizi bila ya kuwapa maneno ya kushikia, kisha tunakaa vibarazani tukilalamika kwamba vijana wameiacha lugha. Hawakuiacha. Lugha ndiyo iliyobaki nyuma, nayo haikubaki kwa hiari yake; sisi ndio tuliokaa nayo ndani tukafunga mlango.

Ninaye shahidi. Nilikwenda Manyamanyama, kata ya mji wa Bunda mkoani Mara, kumjulia hali dada yangu. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akijifunza kutengeneza katuni za kompyuta, au kwa jina la vitabuni, uhuishaji. Mambo machache aliyapata katika darasa dogo la jioni. Mengine yote aliyachota mwenyewe katika video za intaneti, zilizosemwa kwa Kiingereza na watu wenye haraka. Alinipa shikamoo, akaniandalia chai, na kabla sijaimaliza akanifungulia kompyuta ya kuazima. Kiooni palikuwa na fisi. Alichorwa vizuri fisi yule, mgongo umeteremka kama paa la banda. Lakini alipotembea, alitetemeka kama mwenye homa.

"Mjomba," akaniambia, "nimemjazia vifremu vingi mno, na bado anatetemeka."

Nikamwuliza kifremu ni kitu gani.

"Ni fremu ndogo, mjomba. Zile ndogondogo za katikati."

Nilichukua kamusi, maana mimi sikusoma chuo chochote, na elimu yangu yote ya kufasiri niliipata katika kamusi iliyokwisha jalada. Tukakaa wawili, yeye na kipanya, mimi na kurasa, tukasoma maelezo ya programu ile sentensi kwa sentensi. Ndipo tulipogundua kwamba neno alilolisikia kuwa "kifremu" halikuwa na ki- ya udogo hata chembe. Katika Kiingereza, mwanzo wa neno hilo ni ufunguo. Ni picha kuu: pale kitendo kinapoanza, pale kinapogeuka na pale kinapokoma. Ukishaziweka hizo kuu, za katikati hujazwa na kompyuta yenyewe. Mpwa wangu aliambiwa aweke mambo makubwa machache, akaelewa aweke mambo madogo mengi. Kila kidude alichokitia kilikuwa amri kwa fisi, na amri ishirini zikawa zinagombana ndani ya sekunde moja. Angeachaje kutetemeka?

Asicheke mtu. Binti yule hakukosea Kiswahili. Alikitumia kwa ufasaha. Alisikia ki- akaitenda kama tunavyoitenda sote katika kijiti na kijumba, na wingi wake akaufanya vifremu, kama vile madereva wetu walivyoipokea amri ya Kiingereza ya kushika kushoto wakapata kipilefti, na wingi wake vipilefti. Sarufi ilimtii, maana ikamsaliti. Na mwalimu wake, kijana mwenye bidii, hakumsahihisha kwa sababu naye alilipokea neno hilohilo kwa njia hiyohiyo.

Nilimwambia: "Tuite picha nguzo." Akaelewa papo hapo, maana nyumba za miti na udongo amezikuta. Unachimbia nguzo kwanza, ndipo unapofunga fito, ndipo unapokandika. Hakuna fundi anayeanza na fito. Akafuta picha kwa makumi, akabakiza nguzo sita. Jioni ya pili fisi akatembea, tena kwa ile chechemea yake tuijuayo sote. Miezi miwili ya taabu ilimalizwa na neno moja.

Basi hicho ndicho ninachokigombea. Wengi wetu tunadhani kwamba kinachomzuia kijana wa Manyamanyama ni mashine, umeme na bei ya intaneti. Ni kweli vinamzuia, na wenye dhamana wavishughulikie. Lakini hata mashine ikiwapo, na umeme ukiwapo, kinabaki kizuizi ambacho hakuna waziri wa kukiondoa, kwa kuwa ni kazi yetu sisi. Mwanafunzi anafundishwa vitufe, hafundishwi fani. Anajua abonye wapi, hajui kwa nini. Programu ina zana inayoonyesha kwa ukungu picha iliyotangulia, ili mchoraji ajue anatoka wapi. Kwa Kiingereza imeitwa kwa jina la karatasi nyembamba inayofananishwa na ganda la kitunguu. Mpwa wangu aliandika katika daftari lake "ganda la kitunguu", akapigia mstari, na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Alama ile ilikaa pale wiki kadhaa. Je, tungemwambia tu "kivuli cha picha iliyopita", tungepungukiwa na nini?

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: ajifunze Kiingereza. Na ajifunze! Mimi nala kwa Kiingereza; ningekuwa mnafiki kumkataza. Lakini kujifunza lugha ni mzigo, na kujifunza ufundi ni mzigo, na anayemtwika mtu mizigo miwili juu ya kichwa kimoja asishangae akiona mmoja umeanguka. Shule zetu za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza, na binti huyu alikaa humo miaka minne. Hayo ndiyo matokeo. Fundi nguo wetu hakungoja kujua lugha ya waliounda cherehani. Alishona. Seremala ana randa, patasi, tezo na msumeno; nahodha ana tanga, mlingoti, goshi na demani. Maneno mengi ya namna hiyo yalikuja na wageni, yakaoshwa, yakavishwa, yakawa yetu, kama zilivyokuwa meza, leso na bendera za Mreno. Basi mimi sigombani na neno la kuazima. Kama vijana wanasema fremu, na iwe fremu. Nagombana na neno la kuazima lililoingia bila maana yake.

Wa pili atasema: programu hubadilika kila kukicha, maneno yatazeeka kabla ya wino kukauka. Huyu ana nusu ya ukweli. Flash, programu iliyowalea wachora katuni wengi duniani, ilipita mikononi mwa Adobe mwaka 2005, na uhai wa kicheza picha chake ukakatwa tarehe 31 Desemba 2020. Aliyejifunza vitufe vya Flash peke yake alizikwa nayo. Lakini aliyejifunza kwamba kitu kizito huchelewa kuanza na huchelewa kusimama, na kwamba mrukaji huchutama kabla ya kuruka, huyo alihamia programu nyingine na elimu yake mfukoni. Wachoraji wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, walizikusanya kanuni za namna hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1981, nazo ni kumi na mbili tu. Kumi na mbili! Zinaingia katika ukurasa mmoja wa jarida kama hili. Kanuni hizo hazizeeki, kwa sababu hazihusu kompyuta. Zinahusu mwili, uzito na wakati. Tuanze na hizo.

Wa tatu, naye ni mshairi mwenzangu, atasema kwamba katuni ni mchezo wa watoto, na sisi tuna urithi wa kuulinda. Huyu ndiye anayeniudhi hasa. Usiku ule nilimwuliza mpwa wangu fisi anatumia picha ngapi kujikwaa. Akahesabu kwa viungo vya vidole, midomo ikimchezacheza, kama nilivyowaona wazee wakihesabu mizani. Sinema ina picha 24 kwa sekunde. Mchoraji akishikilia kila mchoro kwa picha mbili, anabakiwa na michoro 12 ya kugawa kati ya kuinua mguu na kuutua. Sisi tunagawa mizani 16 nane kwa nane. Nilipomsikia akisema, "Hapa mjomba pamezidi mbili, ndiyo maana pamevunjika," nilijua niko nyumbani. Binti huyu ni wa ukoo wetu, ila hatujampeleka kwa jamaa.

Na urithi huo tunaousema unaharibika wapi? Fisi alipoanza kusema, programu ilimpa midomo iliyopangwa kwa sauti za Kiingereza. Akasema "nimeshiba", mdomo ukatafuna kitu kingine kabisa. Kiswahili kina irabu tano zilizo wazi, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Midomo yetu hufunguka na kufunga kwa namna yake. Mpwa wangu alichukua kioo cha mkononi, akajisemea "mbwa" mara nyingi mbele yake, akachora midomo mitatu: iliyofumbwa, iliyochongoka, iliyoachama. Hakuna aliyemfundisha. Alifanya uchunguzi wa fonetiki kwenye kigoda cha jikoni, na hata sasa hajui kwamba kazi ile ina jina. Anayetaka kulinda lugha basi ailinde hapo, mdomoni mwa fisi, kwa sababu watoto wataisikia hapo kabla ya kuisikia katika diwani zetu.

Wala simsemi mtu kwa jambo lisilowezekana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia iliyosema Kiswahili. Tangu 2014 watoto wetu wanaviona vipindi vya Ubongo Kids, katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam, zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kinyume chake, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, ilionyeshwa na BBC kuanzia 2010 ikiwasemesha wanyama wetu Kiingereza. Siwalaumu waliotafuta soko. Nasema tu kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kwetu watunzaji tumelala.

Tena zana ipo. Blender ilifunguliwa mwaka 2002, baada ya watu kuchangishana euro laki moja ili iwe mali ya wote. Leo ni bure, na majina ya vitufe vyake hutafsiriwa na watu wa kujitolea kutoka lugha mbalimbali. Filamu ya Flow, iliyoongozwa na kijana wa Latvia, nchi ya watu wasiofika milioni mbili, ilitengenezwa kwa programu hiyo, nayo mwaka 2025 ikapata tuzo ya Oscar. Utaniambia filamu ile haina hata neno moja la mazungumzo. Sawa. Lakini hadithi za sungura na fisi hazijawahi kuwa bubu; ukizinyang'anya maneno, sungura amebaki na masikio tu.

Mkoa wa Mara una la kutufunza hapa. Butiama ndiko alikotoka Mwalimu Julius Nyerere, ambaye katika miaka ya 1960, akiwa na nchi nzima ya kuongoza, alipata wasaa wa kumfasiri Shakespeare. Sisi tusio na hata kijiji cha kuongoza tunasema hatuna nafasi. Na ukitoka Bunda kwenda Kisorya, ukavuka kwa kivuko, unafika Ukerewe kwa Aniceti Kitereza. Mzee yule alimaliza riwaya yake kubwa mwaka 1945 kwa Kikerewe. Hadithi alikuwa nayo, mashine za kuchapa zilikuwapo, ila lugha yake haikuwa na mlango wa kuingilia. Ikambidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35! Tulimwonea Kitereza kwa kumngojesha, na Kiswahili ndicho kilichomwokoa. Leo Kiswahili chenyewe ndicho kilichobaki nje ya mlango, na msichana mwenye hadithi, ng'ambo tu ya maji ya mzee yule, anaambiwa ajifasiri kwanza ndipo asimulie.

Basi natoa madai yangu, nayo ni madogo. Mabaraza yetu yasitunge istilahi mezani, kisha yakazichapa katika orodha zisizofika karakana yoyote. Wajumbe waende wakakae na wanaofanya kazi, wasikie wanavyosema, warekebishe palipopotoka. Kila mfasiri mwenye kompyuta achukue sehemu moja ya programu moja, aifasiri, na amsomee kijana mmoja aone kama imeeleweka. Na kila mshairi anayelia kwamba vijana wamepotea amtafute mmoja anayejifunza fani hii, amwulize neno moja tu: limemsumbua neno gani?

Mimi nimeanza. Nina maneno 40 katika daftari, mengine mabaya, nayo nitamletea mhariri yachekwe na yasahihishwe. La kwanza ni picha nguzo. Kama unalo bora zaidi, lilete. Mpwa wangu yuko Manyamanyama anangoja, na fisi bado hajafika kwa sungura.