MANENO YA SIRI: Kaunti za Kisii na Nyamira zikague kufuli zao

KASHFA ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) mnamo 2015 iliwafunza Wakenya kuwa hazina ya umma yaweza kuporwa bila mlango kuvunjwa. Katika sakata hiyo ya Sh791 milioni, afisa mmoja wa ngazi ya juu alijitetea kwamba neno lake la siri katika mfumo wa malipo wa IFMIS lilitumiwa na watu wengine.

Mfumo huo hutumiwa pia na serikali za kaunti, zikiwemo Kisii na Nyamira. Kwa wakazi wa Keroka, mji ambao kaunti hizo zimewahi kuuzozania kuhusu ushuru, swali la nani aliidhinisha malipo si la wataalamu pekee. Neno la siri likijulikana na ofisi nzima, kila afisa anaweza kusema, "Si mimi". Hapo uwajibikaji hufa.

Dawa ni ukaguzi. Maneno ya siri hayahifadhiwi yalivyo katika mtambo ulioundwa vyema, bali huvurugwa kwa hesabu isiyorudishwa nyuma. Mkaguzi huchukua orodha ya maneno yanayopendwa na watu, akayavuruga vivyo hivyo, kisha akalinganisha. Yanapofanana, amegundua kufuli dhaifu.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1979, wataalamu wa Marekani Robert Morris na Ken Thompson walieleza kwamba kati ya maneno 3,289 waliyokusanya, 2,831 yalikuwa rahisi kugunduliwa. Hiyo ni asilimia 86.

Hata hivyo, orodha iliyotungwa ng'ambo haitoshi. Mkaguzi wa Kisii hana budi kuongeza Moraa, Kerubo, Onyancha, Omogusii, na bila shaka Shabana, klabu ambayo mashabiki wake ni wengi Gusii. Ongeza mwaka wa kuzaliwa mwishoni mwa jina la mtoto, na hapo unalo neno ambalo jirani yeyote atalikisia, ingawa mtambo utalikubali kuwa thabiti.

Kazi hii lazima ifanywe kwa idhini ya maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inatoa faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili, kwa anayeingia katika mtambo bila ruhusa. Aidha, ripoti isitumiwe kuwaaibisha makarani. Karani hupeana neno lake kwa sababu mkubwa wake ameagiza, au kwa sababu kompyuta ni moja na wafanyakazi ni watano.

Baada ya ukaguzi, kaunti zifunge akaunti za walioacha kazi, zimpe kila mtumiaji akaunti yake, na zidai uthibitisho wa pili kwa wanaoidhinisha fedha. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani wa 2017 ulisisitiza urefu wa neno badala ya kuwalazimisha watu kulibadilisha kila mara, jambo linalowafanya waongeze tarakimu moja tu mwishoni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mabunge ya kaunti, yanapohoji matumizi ya fedha, yaulize pia ni nani anashika funguo.