Nondo Anapochagua pa Kutagia

Libandue taratibu jani la mhindi mchanga pale linapokumbatia bua. Pengine utakuta mayai yamepangwa safu kama shanga, madogo, bapa, meupe ya maziwa. Ni mayai ya nondo azaaye funza wa mabua. Viwavi wakianguliwa watatafuna majani ya kilele, kisha watatoboa bua na kujificha ndani. Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa, nasi tumekwisha kuchelewa, kwani aliye ndani ya bua dawa haimfikii kirahisi.

Toleo hili linaurudia usiku ule mama nondo alipochagua mmea. Gizani nondo huongozwa na harufu anazozinasa kwa papasi zake, na harufu humponza. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, waligundua kuwa mabingobingo humvutia kuliko mahindi. Saa ya kwanza ya giza, wakati nondo anahangaika kutafuta pa kutagia, majani hayo hutoa harufu kwa wingi. Lakini kiwavi akianza kutoboa, mmea humwaga utomvu unaonata, na wengi hufia humo.

Juu ya kosa hilo la mama ulijengwa mfumo wa sukuma-vuta: mabingobingo kuzunguka shamba yamvute nondo, na mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi umsukume mbali. Desmodiamu huzuia pia gugu la kiduha, nayo pamoja na mabingobingo ni malisho ya ng'ombe.

Mhindi nao una la kusema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa baadhi ya mbegu za asili, zikitagiwa na nondo, hubadili harufu na kuwaita nyigu wadogo wanaoangamiza mayai na viwavi. Chotara zilizopimwa hazikuita. Tumechagua mbegu kwa unene wa hindi, tukasahau kuuliza kama bado inajua kuomba msaada.

Ndiyo maana tunawasihi wazalishaji wa mbegu waupime wito huo kama wanavyopima mavuno, na mabwana shamba wawafundishe wakulima kukagua mayai kabla ya matundu. Nawe msomaji, hindi la mbegu ambalo bibi amelitundika juu ya meko usilitupe. Lipande japo mstari mmoja.