Fedha ya Kodi si Mali ya Muuzaji



Juzi saa ya chai palitokea ubishi kule karakana. Ndugu mmoja, ambaye mkewe huuza viatu kwa simu, alisema kwamba Serikali haina haki kutoza kodi ya mauzo mahali pasipo na duka. “Mlango wa duka uko wapi?” akauliza. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Shauri hili lilikwisha kukatwa huko Marekani. Kule majimbo mengi hutoza kodi ya mauzo, na mengi ya hayo yalianza katika dhiki ya miaka ya 1930, fedha ilipokauka. Mwaka 1992, katika kesi ya kampuni ya Quill na jimbo la North Dakota, Mahakama ya Juu ilisema kwamba muuzaji asiye na duka, ghala wala mtumishi ndani ya jimbo halazimishwi kukusanya kodi yake. Mnunuzi ndiye aliyepaswa kuipeleka mwenyewe. Nani alikwenda? Karibu hapana mtu!

Intaneti ilipoenea, mwenye duka mjini alitoza kodi na mshindani wake wa mbali hakutoza, basi bei ya huyu wa mbali ikaonekana rahisi. Jimbo la South Dakota liliumia zaidi, kwa sababu halitozi kodi ya mapato ya watu. Mwaka 2016 likatunga sheria kwamba muuzaji wa mbali auzaye humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au mara 200, akusanye kodi. Wayfair, wauzaji wa samani, wakakataa. Tarehe 21 Juni 2018 jimbo likashinda, majaji 5 kwa 4.

Angalieni kwamba mchuuzi mdogo hakuguswa. Hata kwetu, ambako kodi ya mauzo ilianza 1973 ikageuzwa 1990 kuwa kodi ya ongezeko la thamani, sheria ya 2013 iliweka kiwango cha mauzo ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka kabla mtu hajalazimika kujiandikisha. Viatu vya mke wa ndugu yetu haviko hata karibu na hapo.

Na yule mkubwa aliyejiandikisha asilie kwamba anaibiwa. Yeye ni kama karani wa tiketi. Nauli hupita mikononi mwake, lakini si yake. Akiitia mfukoni sote twajua jina lake. Anayelipa ni mnunuzi.

Hapo ndipo mimi nalalamika. Kodi hii haiulizi mshahara. Kibarua na meneja wakinunua kipande kimoja cha sabuni, hulipa sawasawa asilimia 16 juu ya bei, ijapokuwa mmoja ana watoto sita na chumba kimoja. Huko South Dakota hata chakula cha dukani hutozwa, na mwaka 2024 wapiga kura walikataa shauri la kukiondolea kodi ya jimbo. Mimi sielewi jambo hilo hata kidogo.

Ndugu yule aliniuliza kama nimekuwa mtu wa Serikali. La. Namwomba Katibu wa tawi aliweke neno la sabuni katika mkutano ujao, na ndugu yule aje aseme nami.